Paneli Juu ya Bati, Jua Ndani ya Ukuta

Mwezi Oktoba hakuna mtu Kolandoto anayetafuta joto. Karibu tarehe 2 ya mwezi huo jua la adhuhuri hupita utosini kabisa, ardhi haijapata mvua ya maana tangu Mei, na bati la nyumba ya kawaida hufikia nyuzijoto 60 na zaidi. Watu hutoa viti nje na kukaa hadi usiku uingie sawasawa, kwa sababu vyumba vya kulala havikaliki. Ukimwambia mtu wa hapa kwamba ziko nchi ambako wahandisi huunganisha paneli za sola na ukuta wa kunasa jua ili nyumba ipate joto, atakuuliza kama huko joto huuzwa dukani.

Mwambie asubiri Juni. Kuanzia mwishoni mwa Mei mawingu hutoweka na hewa hukauka, na kwa kuwa Shinyanga iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, joto la ardhi hupotelea angani usiku kucha bila kizuizi. Alfajiri za Juni na Julai kipimo hushuka hadi karibu nyuzi 15. Kwa mtu mzima mwenye blanketi hilo si neno. Kwa mtoto aliyezaliwa saa kumi alfajiri, mwili wote umelowa, ni jambo la uhai: Shirika la Afya Duniani linashauri chumba cha kujifungulia kisipungue nyuzi 25, na joto la mwili wa mtoto mchanga likishuka chini ya 36.5 tayari linahesabiwa kuwa hatari.

Mtoto huyo hupoteza joto kwa njia nne. Maji yaliyo mwilini yakikauka huondoka na joto, godoro au mizani ya baridi hulinyonya, upepo hulipeperusha. Njia ya nne ndiyo inayosahaulika. Mwili wenye joto hutuma mionzi kwenye kila kitu cha baridi kilicho mbele yake hata kama haukigusi, kwa hiyo mtoto aliyelazwa mita moja kutoka kwenye ukuta wa baridi hupoa hata pale hewa ya chumba inapoonekana kuwa nzuri. Kumkausha, kumlaza kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi na kumfunika kichwa hubaki kuwa tiba ya kwanza, na hakuna jengo litakalochukua nafasi ya kifua cha mama. Ila ukuta ulio upande wa pili wa kitanda unaweza kusaidia au kuhujumu.

Kolandoto ni mahali pazuri pa kulifikiria jambo hili. Ni kata ya Manispaa ya Shinyanga, njia panda ya kwenda Kishapu na Lalago, na watu wa mbali huijua kwa hospitali ya Kanisa la AICT, iliyotokana na kazi ya wamisionari wa Africa Inland Mission mwanzoni mwa karne ya 20. Kando yake kuna chuo cha sayansi za afya, ambacho wahitimu wake hutawanyika hadi kwenye zahanati za vijijini, huko ambako chumba cha uzazi mara nyingi ni kuta nne na bati juu. Jengo la namna hiyo lina mahitaji mawili yanayoonekana kupingana: lipoe mchana wa Oktoba, na litunze joto alfajiri ya Juni. Sayansi ya ukuta wa jua inayajibu yote mawili, mradi isichukuliwe kama ilivyo kutoka Ulaya.

Saa za ukuta

Kila anayeishi Shinyanga anakijua chumba cha magharibi. Jua la saa kumi jioni hupiga ukuta, linazama, watu wanakula chakula cha usiku, na kufika saa tatu chumba kile ndicho cha moto kuliko vyote ingawa nje kumeshapoa. Joto lile ni la jua la jioni lililokuwa safarini ndani ya tofali.

Safari hiyo ina muda wake. Katika tofali za udongo zisizochomwa, joto hutumia takriban saa moja kupenya kila sentimita tatu. Ukuta wa bloku za saruji za sentimita 15 huchelewesha joto kwa saa nne au tano tu; ndiyo maana huutoa saa mbili au saa tatu usiku, wakati watoto wanapolazwa. Ukuta wa udongo wenye unene wa sentimita 30 huchelewesha kwa saa tisa hadi kumi. Jua lililoupiga saa kumi jioni huanza kuhisiwa ndani kwenye saa saba au saa nane usiku, na kwa kuwa ukuta mnene hupoa polepole, wenye chumba huendelea kulifaidi kuelekea alfajiri. Bati halina muda wowote: jua likitoka linachoma, jua likizama linagandisha. Ndiyo tofauti ya sufuria na chungu, na mama yeyote aliyepika maharage anaijua.

Wachimbaji wadogo wa Nyarugusu na maeneo mengine ya dhahabu ya Geita wameiona sayansi hii kwa kiwango chake cha mwisho. Mita kadhaa chini ya ardhi, ndani ya duara, yaani shimo la mgodi, hakuna tofauti ya mchana na usiku, wala ya Juni na Oktoba. Tabaka la udongo lililo juu ni nene kiasi kwamba mawimbi ya joto hufifia kabla hayajafika, na mwamba hubaki karibu na wastani wa joto la mwaka mzima. Ukuta mnene wa nyumba ni kipande kidogo cha ardhi hiyo kilichosimamishwa wima.

Mfaransa na jua lake la chini

Wazo la kuutumia ukuta kwa makusudi lilisajiliwa Marekani mwaka 1881, pale Edward Morse wa Salem, Massachusetts, alipopata hataza ya ukuta mweusi wenye kioo mbele yake. Kioo huruhusu mwanga wa jua uingie lakini huzuia joto lisirudi nje, hivyo ukuta hupata moto kuliko ambavyo ungepata ukiwa wazi. Halikuenea. Mwaka 1967 mhandisi Félix Trombe na msanifu majengo Jacques Michel walijenga nyumba ya namna hiyo huko Odeillo, kwenye milima ya Pyrenees kusini mwa Ufaransa, na tangu hapo ukuta huo unaitwa kwa jina la Trombe. Una matundu chini na juu: hewa ya chumba huingia chini, hupata moto kati ya kioo na ukuta, hupanda, na hurudi chumbani kupitia juu. Hakuna feni wala umeme.

Baadaye watafiti, wakiwamo wa Hefei nchini China, walibandika paneli za sola kwenye kile kioo. Hoja yao ni nzuri. Paneli ya kawaida hugeuza takriban asilimia 20 ya mwanga kuwa umeme; karibu yote inayobaki huwa joto. Kwa nini joto hilo litupwe? Hewa inayopanda nyuma ya paneli hulibeba na kuliingiza ndani, na hapo hapo huipoza paneli, jambo ambalo paneli inalipenda: kila nyuzi moja juu ya 25 huipunguzia nguvu kwa kati ya asilimia 0.3 na 0.4. Paneli iliyofika nyuzi 65, na hapa kwetu hufika, imepoteza asilimia 12 hadi 16 ya umeme ulioandikwa kwenye kibandiko chake.

Sasa tuulete mfumo huo Kolandoto, tuone unavyoanguka. Odeillo iko digrii 42 na nusu kaskazini mwa ikweta. Katikati ya baridi yao, jua la adhuhuri husimama digrii 24 tu juu ya upeo wa macho na kuupiga ukuta wa kusini karibu uso kwa uso. Kolandoto iko digrii tatu na nusu kusini. Mwezi Juni, wakati wa baridi yetu, jua la adhuhuri liko digrii 63 juu, upande wa kaskazini. Linauparaza ukuta tu na kumwaga nguvu zake kwenye paa. Mwezi Desemba limehamia kusini, digrii 70. Paneli iliyosimamishwa ukutani hapa ingepata nusu ya jua la paneli iliyolazwa juu ya paa, au chini ya hapo, na isitoshe ingeukinga ukuta na jua. Fundi atakayekuja na mchoro wa Ulaya na kutaka kuvika ukuta wako paneli, mpe chai, umshukuru, umwache aende.

Kukataa mchoro kusitufanye tuikatae fizikia yake. Tunachopaswa kufanya ni kuvitenganisha vitu vilivyounganishwa kule: paneli zipande juu, kazi ya kutunza joto ibaki ukutani, na ukuta wenyewe usiwe wa kaskazini wala wa kusini. Uwe wa magharibi.

Paa ndilo adui

Paneli kwanza. Katika ukanda huu eneo la mita moja ya mraba hupokea kwa wastani kati ya kilowati-saa tano na sita za jua kwa siku, na ndiyo sababu Serikali imechagua Wilaya ya Kishapu, jirani kabisa na Kolandoto, kuwa mahali pa mradi mkubwa wa umeme wa jua wa megawati 150, ambao awamu yake ya kwanza ni megawati 50 kwa mkopo wa Shirika la Maendeleo la Ufaransa. Jua hilo hilo linalovutia megawati ndilo linalopiga bati la kila nyumba. Ukipima joto linaloingia katika nyumba ya chini hapa kwetu, sehemu kubwa haitoki ukutani. Inashuka kutoka juu.

Mwaka 2011 Jan Kleissl na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, walipima paa la jengo lililofunikwa kwa paneli sehemu moja na kuachwa wazi sehemu nyingine. Chini ya paneli, joto lililofika kwenye paa lilipungua kwa asilimia 38 hivi, na mchana dari la upande huo lilikuwa na baridi zaidi kwa karibu nyuzi tatu. Usiku ilikuwa kinyume: paneli zilizuia joto la jengo lisitoroke angani. Paneli zilizoinuliwa, zenye nafasi ya upepo kupita chini yake, zilifanya kazi hiyo vizuri kuliko zilizolazwa zikagusana na paa.

Matokeo hayo yangeweza kuandikwa kwa ajili ya Shinyanga. Mchana wa Oktoba, kivuli. Alfajiri ya Juni, kifuniko. Lakini angalia wanavyofunga mafundi wengi wa sola mitaani: paneli mbili au tatu zimepigiliwa juu kabisa ya bati la msauzi, zimelala chali, hakuna hata upana wa kidole chini yake. Hapo paneli inaungua, umeme unapungua, na bati linaendelea kupata joto kutoka mgongoni mwa paneli. Iinuliwe kwa fremu, iache sentimita 10 hadi 15, iinamishwe digrii kama 10 kuelekea kaskazini ili mvua ya kwanza ya Novemba iioshe vumbi. Kama mwenye jengo ana paneli chache, azipange juu ya chumba kinachohitaji nafuu zaidi, asizitawanye kwa urembo.

Wazo la paa juu ya paa lina ukoo mzuri Afrika. Msanifu majengo Francis Kéré alipojenga shule ya msingi katika kijiji chake cha Gando, Burkina Faso, iliyokamilika mwaka 2001, aliinua bati juu ya dari la tofali za udongo ili upepo ulisafishe joto katikati. Kazi hiyo ilikuwa mwanzo wa safari iliyompatia tuzo ya Pritzker mwaka 2022. Nairobi nako, kwenye eneo la Umoja wa Mataifa la Gigiri, jengo la ofisi za UNEP na UN-Habitat lilifunguliwa Machi 2011 likiwa na paneli za kilowati 515 juu ya paa na bila viyoyozi vya jengo zima: hewa ya moto hupanda katika uwazi wa katikati na kutokea juu, ikivuta hewa mpya ofisini. Huo ni ukuta wa Trombe uliogeuzwa. Badala ya kurudisha hewa ya moto chumbani, unaitoa nje, na inapotoka inaivuta ya baridi nyuma yake. Zahanati haihitaji ghorofa kwa hilo. Tundu la juu kwenye gebo na tundu la chini upande wa kivuli, yote yamevikwa wavu wa mbu, yatafanya kazi hiyo kila usiku wa Oktoba, saa ambazo hewa ya nje ina baridi kuliko ya ndani.

Tani tano za udongo

Turudi kwenye ukuta wa magharibi, kwa maana ndipo hesabu inaponoga. Chukua ukuta wa mita za mraba 10, wa udongo, unene sentimita 30. Una uzito wa takriban tani tano. Kuupandisha ukuta huo kwa nyuzi moja tu kunahitaji joto la kilowati-saa 1.3 hivi; ukipanda kwa nyuzi tano kwa wastani, umetunza zaidi ya kilowati-saa sita. Betri ya kawaida ya risasi na asidi, ya volti 12 na ampea-saa 200, hutoa kilowati-saa 1.2 kama hutaki kuiua kwa kuimaliza kupita nusu. Ukuta umefanya kazi ya betri tano, haununuliwi upya kila baada ya miaka michache, na hauna nyaya.

Sharti nieleze upungufu wake. Joto lote hilo haliingii ndani. Sehemu kubwa hurudi nje na upepo wa jioni, isipokuwa kuna kioo mbele. Na kioo kwenye ukuta wa magharibi wa Shinyanga ni jambo la kufikiria mara mbili, maana Oktoba kingekifanya chumba tanuru. Pia hesabu hii haisemi kwamba chumba kitafika nyuzi 25 bila msaada mwingine. Inachosema ni kwamba ukuta ulio mbele ya kitanda hautakuwa wa kumnyonya mtoto joto, na kazi itakayobaki kwa umeme itakuwa ndogo.

Ukubwa wa kazi hiyo ndio unaoamua kila kitu katika zahanati ya sola. Paneli moja ya wati 400 hapa hutoa kati ya kilowati-saa moja na nusu na mbili kwa siku. Hita ya wati 2,000 huzimaliza ndani ya saa moja. Umeme huo huo huwasha taa za chumba cha uzazi usiku kucha, huendesha feni, na hubakiza akiba ya kuchaji simu ya mkunga anayetaka kuita gari la wagonjwa. Kuchoma umeme wa sola ili kupata joto, wakati jua lile lile limemwaga joto la bure ukutani jioni, ni matumizi mabaya ya betri. Na jiko la mkaa chumbani lisitajwe kabisa: kaboni monoksidi haina harufu, na mtoto mchanga hana namna ya kukohoa kuomba msaada.

Mpangilio wa vyumba basi unajieleza. Chumba cha kujifungulia na cha watoto njiti vipate ukuta mnene wa magharibi. Wodi ya kulala, stoo ya dawa na jokofu la chanjo vikae mashariki au katikati, mbali na jua la jioni. Paa lote litokeze, na kuta ndefu zitazame kaskazini na kusini ambako kivuli cha paa kinatosha. Oktoba ukuta wa magharibi ufunikwe. Wapo wanaopendekeza mmea wa kutambaa, na kwa nchi nyingine ni ushauri mzuri, lakini kalenda ya mvua zetu inaukataa: Juni na Oktoba zote ni kiangazi, kwa hiyo mmea utakuwa umepukutika majani katika mwezi ule tunaotaka kivuli. Pazia la matete linaloning'inizwa Agosti na kuviringishwa mvua zikianza linatosha, na linatengenezwa hapa hapa.

Ushauri huu usisafirishwe pwani. Usiku wa Tanga au Mtwara ni wa unyevu na haupoi vya kutosha kuusafisha ukuta mnene joto lake. Ndiyo maana watafiti waliojenga nyumba za majaribio katika kijiji cha Magoda, Muheza, na baadaye nyumba 110 za mradi wa Star Homes mkoani Mtwara, walikwenda njia ya kinyume kabisa: kuta nyepesi, nyavu, hewa ipite. Upande wa baridi nako, Makete na Njombe, ambako umande huganda Juni, ukuta wa Trombe wenye kioo chake, umetazama kaskazini, ungeweza kusaidia zaidi kuliko hapa. Nchi moja, kuta tatu.

Limebaki suala la tofali. Tofali za kuchoma ni imara, na watu wanazipenda kwa haki, lakini tanuru hula kuni, na Shinyanga ni mkoa uliotumia miaka 18, tangu mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) uanze mwaka 1986 hadi ulipofungwa 2004, kurudisha miti kwa njia ya ngitili, yaani maeneo ya malisho yanayotengwa na kuhifadhiwa. Ukuta mnene wa tofali za kuchoma ungekula msitu. Wakala wa Utafiti wa Nyumba na Vifaa vya Ujenzi umekuwa ukihimiza tofali za kufungamana, udongo na saruji kidogo zilizoshindiliwa kwa mashine ya mkono bila moto. Unene wake wa kawaida ni sentimita 15. Kwa ukuta mmoja wa magharibi zipangwe mistari miwili. Ni gharama ya ziada ya ukuta mmoja, si ya jengo.

Kwa wahandisi wa halmashauri, kamati za ujenzi za vijiji na makanisa yanayojenga zahanati: kabla kamba ya msingi haijavutwa, nunueni vipimajoto viwili vya bei ndogo. Kimoja kikae ndani ya chumba cha uzazi cha zahanati mliyo nayo sasa, kingine nje kivulini, visomwe saa kumi na moja alfajiri na saa nane mchana, wiki moja ya Juni na wiki moja ya Oktoba. Namba hizo zipelekeni kwa mchora ramani pamoja na bajeti, na mumuulize chumba cha kujifungulia amekitazamisha wapi.